Kizibo cha sikio kimebebeshwa mzigo usio wake

Ingia kwenye karakana yenye kelele uulize masikio ya wafanyakazi yanalindwa vipi. Mara nyingi utaonyeshwa kisanduku cha vizibo vya sponji kilichotundikwa karibu na mlango, na juu yake bango la buluu lenye picha ya kichwa kilichovaa kinga. Habari inaishia hapo. Kisanduku kimejazwa, bango limebandikwa, fomu ya mafunzo imesainiwa, na atakayepoteza usikivu baada ya hapo ataambiwa hakuvaa inavyotakiwa. Mpangilio huo umewekwa kichwa chini, miguu juu. Kelele ni hitilafu ya mashine, au ya namna mashine ilivyonunuliwa, ilivyofungwa na inavyotunzwa. Kizibo ni kiraka cha kungojea hitilafu irekebishwe, na hesabu zinaonyesha kwamba hakiwezi kubeba mzigo tuliokibebesha.

Tuanze na kinachoharibika. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, mrija uliojizungusha kama gamba la konokono, ambao ukinyooshwa hufika kama milimita 35. Ndani yake zimepangwa seli za nywele: takriban 3,500 za ndani, ambazo ndizo hupeleka habari ya sauti kwenye ubongo, na takriban 12,000 za nje, ambazo kazi yake ni kukuza sauti ndogo na kutenganisha sauti zinazokaribiana. Kelele huanza na hizi za nje. Zikifa hazioti tena. Binadamu anazaliwa na akiba yake na ndiyo hiyohiyo ya maisha yote. Hakuna dawa wala upasuaji unaozirudisha. Kifaa cha kusikilizia hukuza sauti, lakini hakirudishi ule uwezo wa kuchambua, ndiyo maana aliyepewa kifaa bado hulalamika kwamba anasikia watu wanaongea ila haelewi wanachosema.

Uharibifu hauanzii popote tu. Mfereji wa sikio ni kama filimbi fupi iliyozibwa upande mmoja. Urefu wake wa sentimita 2.5 hivi huifanya ikuze zaidi sauti za karibu hezi 3,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na koklea huumia juu kidogo ya pale sauti inapokuwa kali zaidi. Kwa hiyo kipimo cha usikivu cha mtu aliyeumizwa na kelele huonyesha shimo kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi kwenye 4,000, halafu mstari hupanda tena kwenye 8,000. Uzee pekee hauchimbi shimo la namna hiyo. Wenyewe huteremsha mstari moja kwa moja bila kuupandisha. Alama hii ni ya kuifahamu, kwa sababu mwajiri mara nyingi hujitetea kwa kusema ni umri.

Kwa lugha yetu hasara hiyo ina sura yake. Irabu za Kiswahili zinakaa chini, kwenye masafa ambayo kelele huyaacha kwa muda mrefu. Konsonanti kama s, f, sh, ch, t na k zinategemea masafa ya juu. Aliyepoteza eneo la hezi 4,000 anasikia mdundo wa neno vizuri kabisa, lakini kichwa cha neno kimefutika: funga, chunga, tunga na punga yote yanamfikia kama "-unga". Mahali tulivu atakisia kwa kuangalia midomo na kwa maana ya sentensi. Kando ya mashine, amri ya "funga" na onyo la "chunga" vinakuwa kitu kimoja, na hapo suala si la masikio peke yake tena, ni la vidole na maisha.

Wenye kazi hizi husema "nimeshazoea kelele". Sikio halizoei. Mtu anayeona mashine haimsumbui kama ilivyomsumbua mwezi wa kwanza huenda ameshaanza kupoteza sehemu ya kusikia kwake. Kuna dalili ya bei ya bure: mfanyakazi aiache redio kwenye sauti aliyosikiliza baada ya zamu, halafu aiwashe asubuhi bila kugusa kitufe. Ikimshtua kwa ukali, basi jana jioni masikio yake yalikuwa yamezibwa na uchovu wa kelele. Uchovu huo hupungua kwa mapumziko ya saa kadhaa, ndiyo maana watu hudhani mambo yameisha. Mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman walionyesha kwa panya kwamba hata pale kipimo kinaporudi kawaida, sehemu kubwa ya viungio kati ya seli za ndani na mishipa ya fahamu inaweza kuwa imekatika moja kwa moja. Mlio au mvumo unaobaki masikioni baada ya kazi nao ni onyo la aina hiyohiyo, na kwa wengine haunyamazi tena.

Wala si elimu mpya. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliandika mwaka 1700 kuhusu wafua shaba wa Venice waliokuwa viziwi kwa kugonga shaba kutwa. Mwaka 1886 Thomas Barr, daktari wa masikio wa Glasgow, Uskoti, alipima wafua boila 100 akawalinganisha na wafanyakazi wengine, wakiwemo wagawa barua, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Zaidi ya miaka 100 baadaye, makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2005 yaliweka takriban asilimia 16 ya upotevu mkubwa wa usikivu kwa watu wazima duniani kwenye kelele za kazini. Sababu inajulikana, kipimo chake kinajulikana, na njia ya kuizuia inajulikana.

Sasa hesabu. Desibeli, kipimo cha ukali wa sauti, hazijumlishwi kama mawe kwenye mizani. Mashine mbili za desibeli 90 kila moja zikiwashwa pamoja hutoa 93, si 180, kwa maana kila desibeli 3 zinazoongezeka ni nishati maradufu. Ukichukua kikomo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani, yaani desibeli 85 kwa saa 8, basi 88 zinaruhusiwa saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 dakika 30, na 100 dakika 15 tu. Grainda inayokata chuma hufika 100 bila shida. Fundi anayeishika kwa dakika mbili hapa, tatu pale, mpaka ikatimia saa moja kwa siku, anakumbuka kwamba "leo sikukata sana", kumbe ameshakula posho ya kelele ya siku nne.

Kikomo chenyewe nacho si mstari kati ya usalama na hatari. NIOSH ilikadiria mwaka 1998 kwamba kati ya watu 100 watakaofanya kazi miaka 40 kwenye desibeli 85, takriban 8 watapata hasara ya usikivu ambayo umri peke yake usingewaletea. Kwenye 90 idadi inafika 25. Hata hivyo sheria ya OSHA, inayosimamia sehemu za kazi nchini humohumo, bado inaruhusu 90 kwa saa 8 na hupunguza muda kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 5. Kwa kanuni hiyo fundi wa grainda anapewa saa 2 badala ya dakika 15, mara nane zaidi, kwa sikio lilelile. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 yanaanza kudai hatua kwenye 80, yanakaza kwenye 85, na kuweka ukuta kwenye 87. Anayesema "tuko ndani ya sheria" anastahili kuulizwa: sheria ipi?

Turudi kwenye kizibo. Chukua kinga nzuri kweli inayopunguza desibeli 30, ivaliwe kwa ukamilifu katika zamu ya saa 8. Mvaaji akiivua dakika 5 tu kwa jumla, ili ajibu simu au asikilize maelekezo, kinga aliyoipata siku nzima inashuka hadi kama desibeli 19. Akiivua dakika 30, inabaki 12. Hapa hatujazungumzia uzembe. Nusu saa katika zamu ni maongezi na msimamizi, kuwasha mashine baada ya kukwama, kuitwa na mwenzake, kufuta jasho. Mfumo wowote wa usalama unaoporomoka kwa sababu binadamu alisema na binadamu mwenzake umejengwa vibaya.

Na hizo 30 ni za maabara, ambako mtaalamu yupo na mjaribiwa ametulia. Kwa matumizi ya kazini, NIOSH ilishauri mwaka 1998 kukata nusu ya namba iliyoandikwa kwenye pakiti ya vizibo vya sponji, asilimia 70 kwa vizibo vingine vilivyokwisha umbwa, na robo kwa vifuniko vya masikio. Sponji ya 30 ihesabiwe 15. Kizibo cha raba cha 30 kihesabiwe 9. Wanaonunua kwa kuangalia namba kubwa zaidi kwenye pakiti wananunua wino.

Sponji inavyoingizwa ndipo mengi yanapoharibika. Mikono iwe safi. Kisokotwe kwa vidole, taratibu, mpaka kiwe kijiti chembamba kisicho na mkunjo. Mkunjo ukibaki ni mfereji wa kelele. Mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa, ushike sikio na kulivuta juu na nyuma, ili mfereji unyooke, kwa sababu kwa kawaida umepinda. Kizibo kiingizwe hapohapo kabla hakijavimba, kisha kidole kikizuie sekunde 20 hadi 30. Watu hukosea mahali pawili: hukiminya badala ya kukisokota, na hukiachia mara moja, kikavimbia mlangoni. Ukimtazama mtu usoni, ukaona sponji imechomoza kama kichwa cha uyoga, huyo amevaa pambo. Akishavaa vizuri sauti yake mwenyewe humfikia nzito, kama anaongea ndani ya pipa. Jaribio lingine: afunike masikio kwa viganja huku mashine ikinguruma. Kelele ikipungua sana kwa viganja, vizibo vinavuja.

Vifuniko ni rahisi kuvaa, lakini vina maradhi yake. Mto wa pembeni hukauka kwa jasho na mafuta ukawa mgumu kama plastiki, utepe wa juu hulegea kwa kutanuliwa, na mkono wa miwani hufungua upenyo kando ya sikio. Mto ukianza kupasuka ubadilishwe. Vingi huuzwa na mito ya akiba. Kuvaa kizibo na kifuniko kwa pamoja hakujumlishi namba mbili. Huongeza desibeli 5 hadi 10 hivi, kwa kuwa sauti nyingine hupita kwenye mifupa ya fuvu. Kwa upande mwingine, kinga iliyozidi ni tatizo pia. Sauti ndani ya sikio ikishuka chini ya 70 mtu hujiona yuko kisimani, hasikii onyo wala mabadiliko ya mlio wa mashine yake, naye ataivua. Lenga 75 hadi 80.

Baada ya hayo yote, rudi kwenye mashine. Mfano mdogo sana unaoeleza mengi ni sailensa ya valvu ya hewa, kipande cha shaba au plastiki chenye matundu, kidogo kama kidole, kinachofungwa pale hewa iliyotumika inapotokea. Kikiwa kizima, mlipuko wa "pshaa" wa kila mzunguko unakuwa pumzi tu. Baada ya miezi kadhaa huziba kwa mafuta na vumbi. Hewa inakosa pa kutokea, pistoni inakuwa nzito, uzalishaji unapungua, fundi anaambiwa aharakishe. Anaifungua sailensa, mashine inarudi kwenye mwendo, na sailensa haionekani tena. Kelele imerudi, na kwenye rekodi hakuna kilichobadilika. Tiba ni kuwa na sailensa za akiba kwenye droo na ratiba ya kuzibadilisha, kama inavyofanywa kwa chujio la mafuta. Kipuri kidogo kuliko vyote kwenye stoo kingeokoa masikio ya watu wawili watatu.

Bunduki ya kupulizia hewa ni ndugu yake. Mara nyingi ni bomba tupu lililokatwa mwisho, na hewa hutoka kwa kasi kali ikigongana na hewa iliyotulia; kelele huzaliwa hapo. Kelele ya mkondo wa hewa hupanda haraka sana kadiri kasi inavyoongezeka, kwa hiyo kupunguza kasi kidogo huleta nafuu kubwa. Shusha presha mpaka ile inayotosha kazi, na ufunge nozeli yenye matundu madogo mengi badala ya tundu moja. Nafuu ya desibeli 10 au zaidi ni ya kawaida, na kompresa inapumzika kwa sababu hewa inayotumika ni kidogo. Anayedai kupunguza kelele ni gharama tupu hajasoma bili ya umeme ya kompresa yake.

Feni nazo ni hivyohivyo: punguza mzunguko kwa asilimia 20 na kelele hushuka karibu desibeli 5. Ukubwa mkubwa unaozunguka polepole hushinda udogo unaozunguka mbio. Vipande vya chuma vinavyodondoka kwenye pipa la bati vipunguziwe kimo cha kudondoka, na pipa livalishwe raba ndani. Bati la kufunikia mkanda likilia, kaza bolti kwanza, kisha ubandike tabaka zito la kunyonya mtetemo. Beringi iliyochakaa, gia isiyo na grisi, blade butu, springi za chini zilizokufa: kila moja hujitangaza kwa sauti kabla ya kuvunjika, na fundi mwenye masikio mazima ndiye wa kwanza kuijua.

Kibanda cha kufunika mashine hupendwa kwa sababu kinaonekana, lakini kina kanuni isiyosamehe. Kikiwa na uwazi wa asilimia 10 tu ya eneo lake, hakiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 10 hata kuta zikiwa za zege. Uwazi wa asilimia 1 unakifunga kwenye 20. Hivyo mpasuko chini ya mlango na tundu la nyaya vina maana kuliko unene wa ukuta. Ndani kiwekwe kitu cha kunyonya sauti, la sivyo kelele hujikusanya na kutoka kwa nguvu kwenye kila ufa. Joto litoke kwa njia ya hewa iliyopindishwa na kuvalishwa ndani. Bila hivyo mlango utaachwa wazi siku ya kwanza yenye jua. Na paneli inayohitaji kufunguliwa kila siku isifungwe kwa bolti 12. Itafunguliwa mara moja na kuegemezwa ukutani milele. Bawaba na kifungo cha haraka ni sehemu ya kinga.

Haya hayafanyiki kwa kukisia. Mkilazimika kupaza sauti mkiwa umbali wa mita moja, kuna kila sababu ya kuleta mita ya kelele. Maikrofoni iwekwe pale kichwa cha mfanyakazi kinapokaa, mashine ikiwa kazini, kwa kila kazi anayoifanya na muda wake. Wastani wa ukumbi mzima hauna maana kwa anayeinamia msumeno. Programu ya simu inaweza kukuambia wapi pa kuanza, ila maikrofoni yake haikuundwa kwa kelele kali, na milio ya ghafla ya nyundo au ya bunduki ya misumari huipita kabisa. Kwa milio hiyo kikomo ni kilele cha desibeli 140, na madhara yake yanaweza kuja kwa pigo moja.

Kuna jambo linalosahaulika hata na wapimaji wazuri. Toluini na stairini (kemikali za kwenye rangi na plastiki), risasi, zebaki na monoksidi ya kaboni huumiza mfumo wa kusikia vyenyewe, na vikikutana na kelele madhara huongezeka. Mpiga rangi kwenye desibeli 83 asihesabiwe salama kwa sababu tu namba iko chini ya 85. Anayetibiwa kwa viuavijasumu vya gentamaisini au streptomaisini, au kwa sisplatini ya saratani, naye asipangwe kwenye kelele kipindi hicho.

Kipimo cha usikivu kinafanyika, tena vizuri, halafu hutumiwa vibaya. Cha kwanza kifanyike kabla ya mtu kuanza kazi ya kelele, au baada ya angalau saa 14 za utulivu, na kiguse hezi 3,000, 4,000 na 6,000, kwa sababu kipimo kinachoishia 2,000 kinakagua chumba ambacho mwizi hakuingia. Kinachofuata kila mwaka kilinganishwe na kile cha kwanza. Wastani ukishuka desibeli 10 kwenye 2,000, 3,000 na 4,000, mara nyingi mfanyakazi huitwa, hufundishwa tena kusokota sponji, hutia saini, na faili hufungwa. Ningetaka faili hilo lifunguliwe kwa jina la mashine pia. Watu wawili wa mashine moja wakishuka ndani ya mwaka mmoja, mashine iingie kwenye orodha ya matengenezo kama ingekuwa inavuja mafuta. Hasara kubwa ya kelele hutokea katika miaka 10 hadi 15 ya mwanzo, maana yake kijana aliyeajiriwa jana ndiye wa kuchungwa zaidi, na ndiye anayefikiriwa mwisho kwa sababu anasikia vizuri.

Nafasi kubwa kuliko zote hupatikana kabla mashine haijafika. Hati ya ununuzi idai namba: desibeli A (zilizorekebishwa kufuata usikivu wa sikio) pale anaposimama mwendeshaji, mashine ikikata au ikisaga mzigo halisi, kwa sababu randa inayozunguka tupu na randa inayokula mbao ngumu ni mashine mbili tofauti. Namba hiyo ipimwe tena siku ya kuipokea, mbele ya muuzaji, na sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka ilingane na ile ya kwenye hati.